Nahodha Aliyerudi Bila Utani

Watu wa televisheni waliponipigia simu kusema wanatengeneza makala ya kutukutanisha waigizaji wa "Safari ya Kilimia", swali langu la kwanza lilikuwa tumebaki wangapi. Kijana wa upande wa pili akasita kidogo.

"Wawili, Mama. Watatu tukimrudisha Nahodha."

Nikamwambia Nahodha tulimzika Songea na mimi mwenyewe nilikuwepo. Akasema anajua, ndiyo maana amesema tukimrudisha.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta mimi, Leokadia Kihwele, bibi mwenye wajukuu na magoti mabovu, nimevalishwa tena suti ya Injinia wa chombo cha anga Kilimia, inanibana kila mahali ambapo miaka imeniongezea. Zamani tuliirekodi tamthilia ile katika ghala lililokuwa la korosho. Kiti cha nahodha kilikuwa kiti cha kinyozi. Injini yangu ilikuwa mashine ya kufulia iliyopinduliwa kichwa chini. Kofia ya nahodha ilikuwa chujio la tambi lililopakwa rangi ya fedha, na taa zikiwaka mwanga ulipenya kwenye matundu ukamchora madoa usoni, watazamaji wakadhani ni ugonjwa wa anga za juu. Waliandika barua kumwombea apone.

Sasa walikuwa wamekijenga chombo upya kwa chuma cha kweli. Kiti kilizunguka chenyewe. Injini ilinguruma. Chujio lenyewe, lile la siku zote, lilikuwa ndani ya kasha la kioo lenye kibao cha "Usiguse".

"Wameharibu," nikamwambia Mwinjuma.

Mwinjuma Pazi ndiye mwenzangu aliyebaki. Yeye aliigiza Kirumbi, kiumbe wa mikia mitatu, na misimu yote aliimaliza ndani ya gunia la manyoya, kwa hiyo hakuna mtu duniani anayemjua kwa sura. Asubuhi ile mlinzi alimzuia getini. Ilibidi mzee wa watu atoe ile sauti ya Kirumbi, sauti iliyo katikati ya mbuzi na pikipiki, ndipo mlinzi alipopiga saluti na kuwaita wenzake waje kusikia. Tangu hapo kila aliyepita alimwomba airudie.

"Nina maoni pia," aliniambia kwa uchungu. "Hakuna anayeniuliza maoni."

Mwongozaji wa makala aliitwa Brayani. Alikuwa na mvi na miwani ya kusomea, maana majina ya watoto wa enzi zile yamezeeka pamoja nao. Alikuwa na adabu, na haraka, na tabia ya kukushika kiwiko anapotaka kitu.

Akamleta binti wa Tasilo, yule Nahodha wetu. Benedikta ni mwalimu wa sekondari, mrefu kama baba yake, ana uso wa mtu ambaye hajalala vizuri.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Mngoni. Umekonda. Kwenu wamesahau kulima tena, au bado mnatafuta pa kukimbilia?"

Taa nyekundu ikawaka ukutani. Sauti laini ya kike ikasema, "Tafadhali. Imesikika kauli ya kubagua kabila. Kazi imesimamishwa."

Kila mtu akaganda. Brayani akanishika kiwiko. "Mama, hilo ni Sikio. Sheria inataka kila studio iwe nalo. Linasikiliza lugha ya chuki."

"Chuki ya nani? Huyu ni mtani wangu."

"Linajua maneno tu, Mama. Halijui watani."

*

Kiti cha nahodha kikazunguka, na Tasilo Ngonyani akawa amekaa ndani yake.

Nilikuwa nimejiandaa, lakini moyo haujiandai. Kope zilikuwa zake. Kovu la kidevuni lilikuwa lake, lile alilolipata siku mlango wa chombo ulipomwangukia katikati ya hotuba na akaendelea na hotuba. Ulikuwa mwili wa mwanga, ukimgusa unagusa hewa, lakini ukimtazama hutaki kumgusa, unataka kumkalisha mezani umpakulie.

"Habari za siku nyingi, Bi. Leokadia," akasema. "Nimefurahi sana kukuona. Umependeza."

Nikashtuka. Maisha yake yote Tasilo hakuwahi kuniambia nimependeza. Mimi ni Mhehe, yeye ni Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na sisi wajukuu tukaachiwa ruhusa ya kutukanana bila mtu kununa. Kila asubuhi niliyoingia ghalani, yeye aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kama mbwa wa mtaa wamefungiwa, maana Mhehe amefika na hajanywa chai. Mimi nilimuuliza kama ukoo wake umeshapumua, tangu watoke huko kusini mbio. Na kila kipindi kiliisha kwa Nahodha kusema, "Injinia, washa injini," nami kujibu, "Injini tayari, Nahodha." Kamera zikizimwa tu, anarudia kwa sauti ileile nzito: "Mhehe, washa jiko."

Hata mazishini nilifanya kazi yangu. Nilivaa lile chujio kichwani, nikatembea mwendo wake wa kujidai mbele ya jeneza, nikakaa kwenye ukingo wa kaburi nikasema Mngoni hashuki humu mpaka nipewe changu. Waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka. Mjane alicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Wakanipa jogoo, nikawapisha.

Sasa huyu wa kwenye kiti ananiambia nimependeza.

"Brayani," nikasema, kamera zote zikiwa juu yangu, "huyu siye."

Mwongozaji akabadilika rangi. Akasimamisha kila kitu, akanipeleka pembeni, na huko ndiko nilikoambiwa kile ambacho simuni hakikusemwa. Mrejeo, ndivyo wanavyouita, unafumwa kutoka kwenye kila sauti na kila picha ambayo marehemu aliiacha. Kwa makala moja hauhitaji ruhusa kubwa. Lakini kituo kilitaka misimu mipya ya "Safari ya Kilimia", Nahodha yuleyule, na hapo Sheria ya Marejeo inataka mashahidi wawili, mmoja wa damu na mmoja wa kazi. Wanaulizwa swali moja tu, je, ndiye? Wakisema ndiye, anaajiriwa. Mmoja akikana, mrejeo unafutwa papo hapo, kwa sababu zamani kuna watu walitengenezewa sura bandia na sura hizo zikasaini mikataba.

"Benedikta ameshasema ndiye," Brayani akasema. "Bado wewe."

"Basi nimesema. Siye."

"Bado hujaapa. Niambie tu kimepungua nini."

Nikamwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani. "Ah," akasema. "Rekodi zote zilipitishwa kwanza kwenye Sikio. Mambo yenu ya nje ya kamera yote yaliondolewa. Ilikuwa ni lugha ya chuki, Mama, masanduku na masanduku."

"Yaani mmemchuja Tasilo, mkaniletea maji."

Mtu mwenye akili angenyamazia hapo. Ningekula kiapo kwa moyo mweupe, nikakana kitu ambacho kweli hakikuwa yeye, nikarudi nyumbani kabla ya foleni. Lakini niliona uchungu. Sikutaka dunia imkumbuke mtani wangu kama karani wa benki. Nikamwambia Brayani kama anataka Tasilo, arudishe matusi yake.

Alipiga simu nyingi. Hatimaye alikuja na kibali cha utamaduni, kilichosema kwamba ndani ya studio ile, mpaka kazi iishe, utani unatambuliwa kuwa utani. Alikisaini mwenyewe. Wakazima Sikio, wakammwagia Tasilo maneno yake yote.

*

Alifumbua macho. Akanitazama kuanzia viatu mpaka shingoni, taratibu, kama fundi anayekagua nyumba iliyojengwa vibaya.

"Nani amelivalisha gunia la viazi suti ya anga?" akasema. Kisha akainua sauti. "Wenye mbwa, mmewafungia?"

"Mngoni," nikasema, "wenzako waliikimbia kusini. Wewe umelikimbia hata kaburi."

Akacheka. Sijui kama nimewahi kumweleza mtu kicheko cha Tasilo. Hakucheka kwa kutoa pumzi kama sisi wengine. Alicheka kwa kuivuta ndani, hiii, hiii, kama mtu aliyeingia kwenye maji ya baridi. Nahodha wa Kilimia hakuwahi kucheka hata kipindi kimoja, kwa hiyo kicheko kile tulikijua sisi wa ghalani na watu wa nyumbani kwake tu. Benedikta alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Mwinjuma, bila kuombwa na mtu, akatoa sauti ya Kirumbi, na Tasilo akamgeukia akamuuliza kama hatimaye wamemtafutia daktari wa mifugo.

Tulirekodi mpaka adhuhuri. Brayani alikuwa anatembea kwa kurukaruka. Walipokwenda kula, wakasahau kumzima Tasilo, au fundi aliona huruma. Mimi nilibaki na sahani yangu ya pilau kando ya kiti.

"Leo," akasema.

Aliniita kwa kifupi hicho cha jina langu mara chache sana maishani, na hakuna iliyokuwa ya mchezo. Nikaweka kijiko chini.

"Nikifumbua macho, taa. Nikifumba, mtu anasema turudie. Katikati hakuna kitu. Hata usingizi hakuna."

"Umewaambia?"

"Nimemwambia huyo kijana wako mwenye mvi. Akasema ni mistari mizuri sana, ataitumia kwenye tangazo." Akatikisa kichwa. "Nimeuliza misimu iko mingapi. Wakasema haina mwisho, ndiyo faida yangu. Leo, nilikufa nikiwa nimebakiwa na kazi moja tu, kupumzika. Na hiyo nayo nimeachishwa."

"Unaniomba nikane?"

"Mngoni hamwombi Mhehe kitu." Akanitazama kwa pembe ya jicho. "Nauliza tu. Siku ya mazishi yangu ulikaa kaburini ukazuia. Ukapewa jogoo. Jogoo alikuwaje?"

"Mgumu. Kama mwenyewe."

"Lakini ulimla."

"Nilimla."

"Basi. Njia ilishalipiwa. Mbona niko nje?"

Pilau ilinishinda, nikatoka kwenda kunawa. Benedikta alikuwa koridoni ananisubiri.

"Shangazi, mimi nilisema ndiye asubuhi, alipokuwa bado yule wa adabu," akasema haraka, kama mwanafunzi anayejieleza. "Aliniuliza kama nimekula. Sauti ileile. Ningesema nini? Nikasema ndiye. Halafu sasa hivi amezicheka nywele zangu, akasema nimekaa kama nimepigwa na radi. Ndiye kweli. Usiniondolee, tafadhali."

"Watakupa ukae naye nyumbani?"

"Hapana. Wamesema naweza kuja kumwangalia akiwa kazini."

"Hapo kazini anakuwa Nahodha, mwanangu. Baba yako alikuwa yule anayerudi jioni."

Akainama. Sikupenda kumwambia maneno yale, na sikupenda kwamba yalikuwa kweli. Ningemkumbatia, lakini tukaitwa.

*

Kiapo kilirekodiwa kama sehemu ya makala, maana Brayani aliona kitawaliza watazamaji. Wakaleta Biblia. Mimi ni Mkatoliki wa kulelewa na masista, sikuchezea kitu kile hata nilipokuwa mtoto. Nikaweka mkono, nikaapa kusema kweli juu ya Tasilo Ngonyani.

Mbele yangu alikaa yeye, miguu ameikunja, ananisubiri. Nyuma ya kamera alisimama Benedikta. Nilijua wazi kwamba nikisema ndiye, nimesema kweli, na nimemfunga kwenye kile kiti milele. Nikisema siye, nimedanganya mkono ukiwa juu ya Neno la Mungu, na nimemfishia binti wa watu baba yake mara ya pili.

"Shahidi wa kazi," Brayani akasoma. "Je, huyu aliye mbele yako ndiye Tasilo Ngonyani?"

Nikamwona Tasilo ananikodolea macho kwa dharau yake ya zamani, nusu ya mdomo imepanda, na mdomo wangu ukafanya kazi uliyozoea kuifanya mbele ya uso ule.

"Huyu?" nikasema. "Brayani, unanitania mimi kazi yangu? Tasilo alikuwa mtu. Huyu pua imekaa kama imesahauliwa na mwenyewe. Tasilo alikuwa anajua mistari yake, ingawa ilibidi tuiandike nyuma ya mgongo wa Kirumbi."

"Kweli tupu," Mwinjuma akasema. "Mgongo wangu ulikuwa maktaba."

"Huyu sauti ni ya mpiga debe aliyeachishwa kazi. Huyu hata nikimkuta njiani simpi salamu, nitafikiri ni Mngoni mwingine tu aliyepotea akitafuta kwao. Andika. Siye. Simjui. Sijawahi kumwona."

Hiii, hiii, akacheka Tasilo. Alicheka mpaka akashika tumbo, na kila mtu mle ndani alikisikia kicheko kile, na hakuna aliyekuwa na shaka hata kidogo.

"Mama," Brayani akasema polepole. "Umeapa."

"Nimeapa kusema juu ya mtani wangu. Nimesema ninayostahili kuyasema juu ya mtani wangu. Kama ni dhambi, kibali umekisaini wewe."

Mtambo wa sheria, uliokuwa ukisikiliza kiapo na kujua maneno tu, haukumsubiri ajibu. Sauti ileile laini, sasa ikitokea kwenye spika nyingine, ikasema, "Shahidi wa kazi amekana. Mrejeo unafutwa."

Nilimtazama Benedikta kwa woga. Alikuwa amesogea mbele, amesimama karibu kabisa na kiti, machozi yanamtiririka na hayafuti.

"Umekula?" Tasilo akamuuliza.

"Nimekula, Baba."

"Haya. Na huyu Mhehe atataka jogoo tena, nawajua. Usimpe mkubwa."

Miguu yake ilikuwa imeanza kufifia. Akajinyoosha kwenye kiti, akaweka uso wa Nahodha, ule wa kutazama nyota ambazo zilikuwa balbu za Krismasi.

"Mhehe," akasema kwa sauti nzito. "Washa jiko."

Nikasimama wima kama Injinia.

"Jiko tayari, Mngoni. Pumua sasa."

Kiti kikazunguka chenyewe, kikasimama kitupu. Hakuna aliyesema turudie.

Nikaenda kwenye kasha la kioo, nikainua kifuniko, nikachukua chujio na kulivaa kichwani. Nikatoka kwa mwendo wa Tasilo, wa kujidai, kifua mbele, kadiri magoti yalivyoniruhusu. Getini yule mlinzi akanisimamisha.

"Samahani Mama, hiyo ni mali ya kituo."

"Waambie wenye msiba waje waikomboe," nikasema. "Wanajua nakaa wapi."

Kituo hakikuja, ila Brayani alinitumia salamu kwamba makala itarushwa hivyohivyo, bila kukata kitu. Aliyekuja ni Benedikta, Jumamosi, na jogoo kwapani. Nimewaona kuku wagonjwa, lakini yule alikuwa kitu kingine. Alikuwa manyoya na hasira tu.

"Ndiyo nini hiki?" nikamuuliza. "Mmekimbia naye kutoka Songea?"

"Baba alisema nisikupe mkubwa," akasema, kisha akamtazama jogoo, akanitazama mimi, na akacheka kwa kuivuta pumzi ndani, hiii, hiii, kama mtu aliyeingia kwenye maji ya baridi.

Nikampa chujio la baba yake, nikaingia ndani kuwasha jiko.